Lami ya angani na lami ya Isiolo

Msomaji mmoja wa safu hii, mwanafunzi wa sekondari mjini Isiolo, ameniuliza swali ambalo limenifanya nifungue kamusi nyingi kuliko kawaida. Anasema aliona kwenye simu picha za anga lililowaka kijani na waridi usiku wa tarehe 10 Mei 2024, wakati dhoruba kubwa ya jua ilipoufanya mwanga huo uonekane hata katika nchi ambazo hazijauzoea. Anataka kujua mambo mawili: Kiswahili kinaiitaje aurora, na je, itawahi kuonekana Isiolo?

Nianze na la pili, maana ndilo jepesi. Jua hutoa chembe zenye umeme. Sumaku ya dunia huzielekeza chembe hizo kwenye ncha za kaskazini na kusini, nazo zikigonga oksijeni na naitrojeni zaidi ya kilomita 100 juu yetu, hewa hiyo hung'aa. Mji wa Isiolo uko takriban kilomita 40 tu kaskazini ya ikweta. Nani angekaa mbali na ncha zote mbili kuliko mtu wa Isiolo? Kwa hiyo mwanafunzi wangu, ukitaka kuiona aurora, jitayarishe kwa nauli na koti zito.

La kwanza ndilo gumu. Kiswahili hakina neno la asili la kitu ambacho wasemaji wake hawakukiona. Wapo wanaosema "mwanga wa kaskazini", lakini upo wa kusini pia. Mimi sioni ubaya wa kusema "aurora" tu, kama tunavyosema "oksijeni". Hata hivyo, neno lenyewe lina siri. Katika Kilatini, aurora maana yake ni alfajiri. Wazungu walipouona mwanga ule ukichomoza upeoni usiku wa manane, waliufananisha na kupambazuka kusikokuwa kwa kweli.

Na hapo ndipo niliposhtuka, kwa sababu neno la kupambazuka kusiko kwa kweli tunalo. Tena tunalo kwa miaka mingi, na kitu kinachoitwa kwa neno hilo kinaonekana Isiolo vizuri kuliko London au Oslo.

Waulize walimu wa madrasa. Watakwambia kwamba alfajiri ni mbili: alfajiri ya uongo na alfajiri ya kweli. Ile ya uongo hutangulia. Ni weupe hafifu unaosimama upande wa mashariki kama mnara, mpana chini na mwembamba juu, na Waarabu waliufananisha na mkia wa mbwa-mwitu. Huo haumzuii mfungaji kula daku. Ile ya kweli huja baadaye, nayo hutanda kwa upana, kushoto na kulia, na hapo ndipo saumu huanza na sala ya alfajiri huingia. Wanasheria wa Kiislamu waliyatofautisha haya kwa macho matupu karne nyingi kabla ya wanasayansi kueleza kuwa mnara ule ni vumbi linaloelea kati ya sayari na kuakisi mwanga wa jua.

Wakazi wa ikweta tuna bahati ya pekee hapa. Njia ambayo sayari hupitia angani, ambayo ndiyo njia ya vumbi hilo, kwetu hupanda kutoka upeoni karibu wima mwaka mzima. Huko Ulaya hulala kwa miezi mingi, na mnara ule humezwa na ukungu wa chini. Kwa hiyo Isiolo haina aurora, lakini ina alfajiri yake ya uongo. Sharti lake ni moja tu: giza. Pale pana taa za barabarani, mnara huo haupo. Siku hizi mfungaji wa mjini hutegemea ratiba iliyobandikwa msikitini au simu inayolia. Ratiba haina makosa. Lakini ukimwuliza kijana maana ya alfajiri ya uongo, atakueleza kanuni bila kuwa ameona kinachozungumzwa.

Hilo ndilo ninalotaka kulieleza leo. Yapo maneno yanayoishi kwa giza. Giza likiondoka, neno hubaki kwenye kamusi kama ganda la konokono: umbo lipo, mwenyewe hayupo.

Chukua neno "jaa". Mwanafunzi wa leo atakwambia jaa ni mahali pa kutupia taka, au ni kitenzi, kama maji kujaa mtungini. Sawa kabisa. Lakini kamusi zinakupa maana nyingine: jaa ni kaskazini, na ni jina la nyota inayokaa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Limetoka kwa mabaharia Waarabu. Sasa tazama ajabu yake. Nyota hiyo leo haionekani ukiwa Lamu, kwa sababu Lamu iko kusini ya ikweta. Isiolo kwenyewe iko sawasawa na mstari wa upeo, kwa hiyo vumbi na vilima huificha. Mswahili alipataje basi kuuita upande mzima wa dunia kwa nyota asiyoiona nyumbani?

Jibu limo ndani ya jahazi. Nahodha alipotoka Lamu na kushika njia ya Somalia na Arabuni, jaa ilipanda kidogo kidogo. Mogadishu ingekuwa nyuzi 2 hivi juu ya maji, na Muscat zaidi ya 23. Urefu wa nyota juu ya upeo ndio uliompa habari ya alikofika, na mabaharia walikuwa na kibao chenye uzi wa mafundo cha kuupimia. Upande wa pili palikuwa na Suheli, nyota kubwa ya kusini, ambayo nayo iliupa upande wa kusini jina lake. Jaa na Suheli: mwelekeo mzima wa pwani ya Afrika Mashariki ulifungwa kati ya nyota mbili. Leo tunasema kaskazini na kusini, na jaa imebaki na taka.

Neno la pili ni "kilimia". Hili ni letu kabisa, halikuja na jahazi. Kilimia ni lile kundi dogo la nyota lililosongamana kama vifaranga. Mwenye macho mazuri huhesabu sita au saba. Mzizi wake ni ule ule wa "lima". Mzizi huo umesafiri na Wabantu hadi kusini ya bara: Wazulu na Waxhosa huliita kundi hilo isiLimela, Wasotho huliita Selemela. Maelfu ya kilomita, lugha tofauti, lakini nyota ni zile zile na wito ni ule ule: shika jembe. Kwa Waxhosa, mwanamume huhesabu miaka ya utu uzima wake kwa isiLimela.

Wahenga wa pwani walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wengi hulichukulia fumbo, lakini ni uangalizi wa anga. Mwanzoni mwa Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea, kilimia huzama magharibi pamoja na mwanga wa jioni na kutoweka. Mwezi wa Juni hurudi, safari hii mashariki kabla ya mapambazuko, na kiangazi kimeingia. Aliyetunga methali hiyo alikuwa ametazama pande zote mbili za usiku, jioni na alfajiri, kwa miaka mingi.

Na si wakulima pekee waliolitegemea kundi hili. Wamaasai, ambao lugha yao ya Kimaa ni jamaa moja na ya Wasamburu wa jirani ya Isiolo, huliita Inkokua, na jina hilo limeingia katika kuhesabu miezi ya mvua. Waborana huliita Busan. Kwa mfugaji hakuna jembe. Swali lake ni malisho yatashika lini na mifugo ihame lini. Nyota ni moja, kazi mbalimbali.

Sasa tuwageukie Waborana, maana ndio wenye kisa kikubwa kuliko vyote katika historia ya anga la kaskazini mwa Kenya.

Mwaka 1973 msomi Asmarom Legesse alichapisha kitabu chake kuhusu Gada, mfumo wa utawala wa Waoromo, na ndani yake akaeleza kalenda ya Waborana. Wajuzi wa kalenda hiyo huitwa ayyaantu. Kila siku ina jina lake, na majina hayo ni 27. Mwezi una siku 29 au 30, kwa hiyo majina huisha kabla ya mwezi kuisha na kuanza upya. Matokeo yake ni kwamba kila mwezi huanza na jina lililosogea mbili au tatu mbele. Anayejua jina la leo na umbo la mwezi angani anajua alipo katika mwaka, bila karatasi.

Lakini umbo la mwezi peke yake halitoshi, na hapo nyota huingia. Miezi sita ya kwanza hutambulishwa kwa mwezi mwandamo kukutana na nyota au makundi ya nyota yanayofuatana angani. La kwanza ni pembetatu ndogo ya nyota hafifu, kisha Busan, kisha nyota nyekundu wanayoiita Bakkalcha, halafu zile za kundi ambalo Wazungu huliita Orion, na mwisho Basa, ambayo ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote usiku. Miezi sita ya pili hutambulishwa kwa njia nyingine: wajuzi hutazama mwezi una umbo gani unapofika kwenye ile pembetatu ya kwanza. Ukiwa mpevu, ni mwezi wa saba wa mwaka. Kila mwezi unaofuata, huwa mdogo kuliko ulivyokuwa, hadi unapobaki ukucha tu, na mwaka unakaribia kuisha.

Pembetatu hiyo, msomaji wangu, jina lake ni Lami.

Usicheke. Kiborana na Kiswahili si ndugu, na jina hilo halihusiani hata kidogo na lami ya barabarani. Ni sadfa ya sauti tu. Lakini ni sadfa inayouma, kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Kwa sasa shika hili: mlango wa mwaka wa Waborana ni nyota hafifu. Hazing'ai kama Basa. Mji ukiwa na taa za wastani, Lami ndiyo hupotea kwanza.

Miaka mitano baada ya kitabu cha Legesse, kisa kilihamia kando ya Ziwa Turkana. Karibu na Kalokol pana nguzo za mawe ya volkeno, zimesimama zikiinamia huku na huku. Waturkana hupaita Namoratunga, yaani watu wa mawe, na masimulizi yao husema ni watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Mwaka 1978, B. M. Lynch na L. H. Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo 19 za mahali hapo zilielekezwa kwenye machomozo ya zile nyota za kalenda ya Waborana, kama zilivyokuwa mwaka 300 kabla ya Kristo. Habari ikaenea: ushahidi wa kwanza wa elimu ya nyota ya kale kusini mwa Sahara! Hadi leo vitabu na vipindi vingi hulirudia dai hilo kama ukweli usio na swali.

Maswali yalikuwepo. Mwaka 1982 mwanaakiolojia Robert Soper alivitilia shaka vipimo vya pembe za nguzo zile. Wengine wakauliza swali la hesabu: miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, ilhali nyota hurudi mahali pake baada ya siku 365 na robo. Mwezi huachwa nyuma siku 11 kila mwaka. Ndiyo sababu Ramadhani huzunguka majira yote. Sasa mwezi mwandamo utawezaje kukutana na Lami mwaka hadi mwaka bila kalenda kurekebishwa? Tena, nyota nyingine kati ya hizo, Basa hasa, ziko mbali sana na njia ya mwezi. Mwezi hauwezi kuwa kando yake. Mwaka 1986 Laurance Doyle alipendekeza kwamba "kukutana" maana yake ni kuchomoza wakati mmoja, jambo ambalo ni rahisi kuliona katika nchi za ikweta kwa sababu kwetu nyota hupanda wima.

Mjadala ukaendelea hivyo, wasomi kwa wasomi, dira kwa dira. Kisha Marco Bassi akafanya jambo ambalo mtu yeyote wa Isiolo angelifanya siku ya kwanza: akawaendea Waborana wanaoijua kalenda, akawauliza. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1988. Walichomweleza kilihusu mwezi na nyota, namna vinavyokaribiana na kupishana usiku baada ya usiku. Nguzo za mawe hazikuwa na kazi katika uangalizi wao.

Nazo nguzo zenyewe? Uchunguzi wa karne hii, ulioongozwa na Elisabeth Hildebrand, Katherine Grillo na wenzao, umeonyesha kuwa maeneo ya nguzo kuzunguka Ziwa Turkana yalijengwa na wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, miaka 5,000 hadi 4,000 iliyopita. Huko Lothagam Kaskazini, mahali pamoja tu kati ya hayo, walizikwa watu wasiopungua 580. Umri huo ni mkubwa mno kuliko ule wa mwaka 300 kabla ya Kristo uliotumiwa kupiga hesabu za nyota.

Funzo ninalolipata hapa ni la mtu wa lugha. Ulimwengu ulisisimka kwa sababu ya mawe, kwa kuwa mawe hupigwa picha. Elimu yenyewe haikuwa kwenye mawe. Ilikuwa kwenye majina 27 ya siku, kwenye Lami na Busan na Basa, midomoni mwa watu waliokuwa hai. Na jiwe likianguka linaweza kusimamishwa tena. Jina likisahaulika je?

Isiolo inajua habari ya kusahau. Waborana wa Waso, yaani wale wa bonde la Ewaso Nyiro, walitengwa na wenzao wa Ethiopia, ambako mikutano mikuu ya Gada inayofanyika kila miaka minane imeendelea. Wengi walisilimu katika karne iliyopita na kuanza kuhesabu miezi kwa Hijria, ambayo haihitaji Lami wala Busan, mwandamo unatosha. Kisha vikaja vita vya Shifta, mwaka 1963 hadi 1967. Watu walikusanywa kambini, Garba Tulla na Merti kati ya sehemu nyingine, mifugo ikaangamia, na kutembea usiku kukawa hatari ya kupoteza maisha. Fikiria mtu ambaye elimu yake inamtaka akae nje usiku akitazama juu, katika nchi ambayo anayekutwa nje usiku huhesabiwa adui.

Mzee mmoja wa Merti niliyezungumza naye juu ya mambo haya hakuwa mjuzi wa kalenda, na alinieleza hivyo mwenyewe bila kuzunguka. Nilimwomba anionyeshe Lami. Alitazama juu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, nyota haisomwi usiku mmoja. Babu yangu alinionyesha kila usiku, mimi nikawa nalala." Akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

Sasa turudi kwa lami ile nyingine. Kwa miongo mingi, anayesafiri kaskazini alijua kwamba lami huishia Isiolo. Mbele yake ni vumbi, mawe na giza. Katika muongo wa 2010 barabara ikatiwa lami hadi Moyale, karibu kilomita 500. Mji umepata uwanja wa ndege wa kimataifa, na mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwaka 2012, umeuweka Isiolo katikati ya ramani ya ushoroba wake. Palipo na barabara hufuata vituo vya mafuta, hoteli, nguzo za umeme na taa. Ndiyo maana nikasema sadfa ile inauma: lami ya chini inavyosonga, Lami ya juu inafifia.

Mwaka 2016 wanasayansi walichora ramani ya mwanga wa usiku duniani kote. Walikuta kwamba zaidi ya asilimia 80 ya binadamu wanaishi chini ya anga lililoharibiwa na taa, na zaidi ya thuluthi moja hawaioni kabisa ile njia ya nyota inayopita angani kama maziwa yaliyomwagika. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliotegemea macho ya maelfu ya wananchi, wengi wao wa Ulaya na Marekani, ulionyesha anga likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Maana yake ni hii: mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 ataona 100 tu atakapotimiza miaka 18.

Jambo hili tuliiteje? Nimeona "uchafuzi wa mwanga" mahali kadhaa. Uchafuzi tumeuzoea kwa maji na hewa, na sina tatizo nao. Lakini "mwanga", kama wasomaji wa pwani wanavyojua, ni pia mchawi anayezunguka usiku. Uchafuzi wa mwanga unaweza kusikika kama kazi ya mganga. Napendekeza "uchafuzi wa mwangaza", ingawa nakiri kwamba taa inayomulika juu usiku kucha bila kumsaidia mtu ina uchawi wake.

Kuna neno gumu kuliko hilo: giza. Kiswahili hakilipendi. Kumwacha mtu gizani ni kumnyima habari. Mambo ya giza ni maovu. Waandishi wa kikoloni nao waliliita bara letu zima bara la giza, na tangu hapo kila taa inayowaka Afrika huonekana jibu kwa tusi hilo. Nami simwambii mama wa Oldonyiro anayejifungua kwa mwanga wa tochi kwamba giza ni mali. Umeme ni haki yake. Mwenye duka anayeogopa wezi ana haki ya taa, na mfugaji anayesikia fisi zizini vivyo hivyo.

Lakini taa na giza si lazima zigombane. Taa yenye kofia, inayomulika chini panapopita watu, hutoa usalama ule ule na huiacha Lami mahali pake, tena kwa umeme kidogo. Namibia ilitambua thamani hii mapema: hifadhi yake ya NamibRand ilitangazwa mwaka 2012 kuwa hifadhi ya giza ya kimataifa, na watu hulipa pesa nzuri kwenda kutazama kile ambacho mtoto wa Sericho anakiona akitoka tu nje ya nyumba. Hapa Kenya, Susan Murabana na wenzake wa Travelling Telescope huwachukua wakazi wa Nairobi hadi Samburu kwa shughuli hiyo hiyo. Isiolo ndiyo inayopanga mji wake upya sasa. Kuchagua taa wakati nguzo hazijasimamishwa ni rahisi kuliko kuzibadilisha baadaye.

Sehemu ya pili ya kazi haihitaji bajeti ya kaunti. Inahitaji daftari. Gada imo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa binadamu tangu mwaka 2016, lakini orodha ya Paris haitamfundisha mtoto wa Garba Tulla majina 27 ya siku. Katika darasa moja la Isiolo huketi Mborana, Mturkana, Msamburu, Mmeru na Msomali, na wanaelewana kwa Kiswahili. Kila mmoja nyumbani kwao kuna bibi au babu mwenye jina la lile kundi la nyota ninaloliita kilimia. Majina hayo yakikusanywa na kuwekwa bega kwa bega, kitakuwa kitabu ambacho hakipo popote duniani. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa jiografia wanaweza kuanza kesho.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu, aurora iite aurora. Ila usiku usio na mwezi, kabla muadhini hajaadhini, nenda upande wa mji usio na taa, utazame mashariki. Ukiuona ule mnara mweupe, muulize mzee aliye karibu nawe unaitwaje kwa lugha yake, uandike, kisha uniletee. Nitalichapisha jina hilo hapa.